Kioo Ndani ya Neti

Siku yangu ya kwanza kazini sikukata herufi hata moja. Nilisafisha kioo. Kilikuwa kioo cha mbele cha duka la vitambaa katikati ya mji wa Mwanza, na mwenye duka, ambaye sote tulimwita Mkurugenzi, alisimama nyuma yangu, mikono mgongoni. Babu yake alitoka India. Yeye alizaliwa hapa hapa, na Kisukuma chake kiliwachekesha wateja wa vijijini kuliko changu. Nyuma ya duka alikuwa na chumba cha kutengenezea maandishi ya madukani: meza mbili, feni moja, na sisi.

"Kimetakata?" aliuliza.

"Kimetakata, Mkurugenzi."

Akapitisha ukucha kwenye kona. Ukatoka na vumbi. "Na hili? Binti, stika haishiki kioo. Inashika usafi. Rudia."

Nikarudia mpaka nikaiona sura yangu mle ndani, na nyuma ya sura yangu mawe makubwa ya mlimani yakiwa yamebebana.

Vijana wa leo mnabonyeza kompyuta na mashine inakata. Sisi tulikata kwa mkono. Stika ni plastiki nyembamba yenye gundi mgongoni, na gundi hiyo imefunikwa karatasi laini. Unachora herufi kwa penseli na rula, kisha unakata plastiki tu, karatasi ya chini ibaki nzima. Hapo ndipo mkono unapojulikana. Bosi wangu wa pili, Fundi Mkuu, Mkerewe mmoja mwenye vidole virefu, alikuwa akiniinamia na kuninong'oneza: "Kata kama unamkuna mtoto mgongoni. Akiamka, umezidisha."

Baada ya kukata tulipalilia. Ndivyo tulivyosema: kupalilia, kung'oa plastiki isiyotakiwa ili herufi zibaki zimesimama kama mahindi. Matumbo ya A na ya O yalitolewa kwa ncha ya sindano. Juu ya herufi tulibandika utepe mpana wa karatasi wa kuzihamishia kwenye kioo zikiwa pamoja, bila moja kumkimbia mwenzake. Kioo kililowanishwa kwa maji ya sabuni ili maandishi yateleze kidogo, uyanyooshe, kisha uyakamue maji kwa kipande cha dumu kilichofungwa kitambaa. Mwisho unavuta ule utepe polepole, ukiulaza karibu na kioo. Ukiuinua kwa haraka, unaondoka na herufi zako.

Na kulikuwa na amri moja ambayo Fundi Mkuu hakuitania kamwe: siku ya wadudu hatubandiki nje. Nyie wa mwambao wa ziwa mnawajua. Asubuhi unaona nguzo za moshi zimesimama juu ya maji, na hakuna moto. Ni vijidudu, maelfu kwa maelfu, haviumi, having'ati, vinasubiri upepo tu. Vikifika nchi kavu vinatua kwenye kila kitu, na hakuna kitu vinachokipenda kama gundi mbichi. "Siku hiyo," alisema Fundi Mkuu, "tunakunywa chai na kuwasema wenye maduka."

Mashine ya kukatia ilipokuja, nilihamishiwa kwenye kubandika. Nikazunguka Magu, Nansio, Geita, nikiwa na mabomba ya stika zilizoviringishwa begani kama mtu aliyebeba ramani za nchi zisizojulikana. Fundi Mkuu akastaafu, Mkurugenzi akakifunga kile chumba, nami nikaanza kujitegemea nyumbani Kiseke, juu ya meza ya chakula. Wanangu walikula wakiwa wamekaa kwenye mkeka. Kazi ndogo ambazo wenye mashine walizikataa, zilikuja kwangu.

Hivyo ndivyo alivyonijia Sista Leokadia. Alikuwa muuguzi kwa maisha yake yote, na alipostaafu aliweka mafao yake yote kwenye duka la dawa upande wa Kamanga, ng'ambo ya ziwa. Pale senta hapakuwa na duka la dawa. Mtoto akipata homa, mama yake alisubiri kivuko kuja mjini.

Alinipigia simu asubuhi moja. "Mama Kabula, mkaguzi anakuja kesho. Rafu ziko tayari, dawa zipo, kila kitu kipo. Jina halipo. Wamenieleza wazi: asipokuta jina kwenye duka, harudi mpaka apate nafasi tena. Na nafasi yake anaijua yeye. Dawa zangu zitaoza ndani!"

"Jina gani?"

"Afueni. Afueni, Duka la Dawa Muhimu."

Nikakata siku nzima. Kesho yake nikapanda kivuko cha kwanza, bomba la stika mapajani. Katikati ya maji nikainua macho. Moshi ulikuwa umesimama ziwani. Nguzo moja, mbili, kisha ukuta mzima, na upepo ukiusukuma kuelekea Kamanga taratibu, kama mwenyeji anayerudi kwake.

Vijidudu vilifika pamoja nami. Kioo cha Sista, nilichokikuta kinang'aa, kikawa na vipele vyeusi. Ningeweza kubandika kwa ndani, lakini nondo za dirisha zilikuwa zimechomelewa ndani, karibu na kioo, mkono haupiti. Nikafunua ncha tu ya karatasi ya stika kujaribu. Vijidudu vikaishambulia gundi kabla sijapumua.

"Tusubiri vipite?" Sista aliuliza.

"Vinaweza kukaa mpaka jioni."

"Mkaguzi yuko kwenye kivuko kinachofuata."

Amri ya Fundi Mkuu ilikuwa masikioni mwangu, na nyuma ya Sista, kwenye benchi, alikuwa amekaa mama mmoja na mtoto mgongoni, mtoto amelegea, macho yanang'aa kwa homa. Alikuwa amesikia duka linafunguliwa siku hiyo.

Sista akaingia nyumbani kwake, mlango wa pili. Akatoka na chandarua chake cha kitandani, ile neti pana ya buluu, na nyundo. Akapanda kwenye stuli, akaipigilia misumari kwenye mbao za paa, ikashuka mbele ya kioo mpaka chini. Tukaipandisha kidogo, tukaingia wote wawili, tukabana pindo zake kwa mawe.

Kijana wa bodaboda akapiga breki. "Sista! Kioo kina malaria?"

"Kimelazwa," Sista alijibu kutoka ndani. "Punguza makelele, utamwamsha mgonjwa."

"Basi mimi nakuja kumtazama na machungwa!"

Senta nzima ikacheka. Sisi ndani tulikuwa tunaiva. Neti ilitulalia vichwani, pumzi zetu zilitia ukungu kwenye kioo. Sista alifuta, nikanyunyiza maji ya sabuni, nikafunua karatasi, nikaulaza mstari. Ukateleza. Nikaunyoosha. Nikakamua maji kutoka katikati kwenda pembeni, kutoka katikati kwenda pembeni, huku nje vijidudu vikiivaa neti mpaka mwanga ukawa wa jioni.

"Hodi," sauti ya mwanaume ikasema.

"Subiri," nilisema bila kugeuka. Utepe ulikuwa mkononi, nusu umetoka.

"Shikamooni. Mimi ni mkaguzi."

"Marahaba, baba," Sista akasema. "Usiguse neti."

Nilivuta utepe, nao ukatoka herufi kwa herufi. N ilitaka kuondoka nao. Nikaurudisha, nikaikandamiza kwa kidole gumba, nikasubiri, nikavuta tena. Ikabaki. Sista akaing'oa neti.

Mkaguzi, kijana tu, alikuwa ameziba mdomo kwa leso, mabega yamejaa wadudu. Akaisoma stika kwa sauti, neno kwa neno, kama mtoto darasani. "Jina lipo," akasema. Akaingia ndani kukagua rafu.

Nikakaa juu ya kreti ya soda. Nikachukua chupa ninywe maji, Sista akanidaka mkono: yalikuwa ya sabuni. Tulicheka mpaka tukalia. Mkaguzi alipotoka na kusaini, mama mwenye mtoto aliinuka kwenye benchi.

Sasa nimestaafu. Macho yalianza kuona mistari miwili pale palipo na mmoja, nikaweka kisu chini, na nawaambia kweli, nilishusha pumzi ndefu. Meza ya Kiseke imerudi kuwa ya chakula. Ila chini ya kitambaa bado ina mikwaruzo ya majina ya watu, na wageni huipapasa wakidhani ni nakshi.

Juzi nilivuka kwenda Kamanga kununua dawa ya macho. Maandishi yapo, nyekundu imepauka kidogo tu. Nikasogea karibu kama nilivyofundishwa, nikapitisha ukucha. Kwenye mguu wa A palikuwa na kijivimbe, na ndani yake kijidudu kimoja kilichopita chini ya neti siku ile, mbawa zake bado zimekunjuliwa. Nikatoa wembe kwenye mkoba ili nikitoe.

Sista Leokadia akauzuia mkono wangu. "Mwache huyo, Mama Kabula. Ndiye mteja wangu wa kwanza. Aliingia kabla hata ya mkaguzi."

Nikaurudisha wembe.