Boga la Juu ya Choo

Mama alikuwa na aibu moja ambayo pale nyumbani hakuificha. Kila Jumapili ya mavuno kanisani wenzake walibeba ndizi na mahindi kutoka mashamba ya kwao, naye alibeba mboga alizonunua soko la Jericho. "Namtolea Mungu jasho la mtu mwingine," alikuwa akisema. Basi mwaka ule wa mvua ya El Nino akapanda mbegu za boga nyuma ya nyumba yetu ya kanjo, yaani ya baraza la jiji, kwenye kipande cha udongo kisichozidi kitanda.

Mvua ilinyesha mpaka sukuma wiki ikaoza ikiwa imesimama. Mmea wa boga, lakini, ulitambaa ukutani, ukapita kamba ya nguo, ukapanda paa la choo. Tulikula majani yake, seveve, hadi baba akauliza kama sisi ni mbuzi. Yakatokea maboga madogo sita. Mama akatuonya kama alivyoonywa na mama yake huko Magharibi: boga changa halinyooshewi kidole. Ukilinyooshea, linaoza. Ukitaka kulionyesha, kunja ngumi.

Nilikuwa na miaka tisa, na mdomo wangu ulitangulia akili. Rafiki yangu wa nyumba ya pili, ambaye kwao ni Murang'a, aliniambia, "Wacha uongo wewe, boga haiwezi mea juu ya choo." Nikamburuta hadi uani, nikanyoosha kidole chote. "Si ile pale!"

Hapo hapo nikakumbuka. Nikakiuma kile kidole, maana hiyo ndiyo dawa, nikakiuma tena hadi kikabaki na alama, lakini sikuwa na hakika kama nilikiuma kwa wakati.

Wiki iliyofuata boga moja likageuka njano, likaanguka. Kisha la pili. Mama aliyaokota, akayatupa. Yakaanguka matano. Likabaki lile lile nililolinyooshea, na kila asubuhi nilikwenda kulitazama, mikono nimeiweka nyuma. Likanenepa hadi baba akalitandikia gunia lisiteleze.

Jumamosi, siku moja kabla ya mavuno, baba na jirani walilishusha. Nikaangua kilio na kukiri yote. Mama alinitazama, akalitazama boga, akacheka hadi akakaa kwenye matope.

"Sasa yale matano," akasema, "si ungeyanyooshea pia!"

Kesho yake aliingia kanisani nalo kichwani, na hakukubali mtu amsaidie. Nilimfuata nikiwa na furaha ambayo sijaisahau. Mzee wa kanisa akamuuliza limetoka shamba la nani.

"Kwangu," mama akasema, akanifinya mkono kabla sijataja choo.