Doa Chini ya Kisigino

Mtaa mzima ulimwita Bi Soli. Alirithi karakana ya viatu kwa baba yake, chumba kimoja chenye harufu ya gundi na ngozi, na kama baba yake, hakumshonea mtu kiatu bila kumkanyagisha karatasi na kuuchora mguu wake kwa penseli. Karatasi hizo hakuzitupa.

Siku hiyo alikuja mwalimu mkuu mstaafu aliyemfundisha darasa la tano, mama asiyependa kupotezewa muda.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, mwanangu. Nataka vyeusi kama vya mwaka jana."

Bi Soli alipouinua mguu aufute vumbi, akasita. Chini ya kisigino palikuwa na doa jeusi, pana kama kifungo cha shati, kingo zimeparaganyika. Akachomoa karatasi ya mwaka jana. Mahali palepale alikuwa ameandika: "Doa, punje ya dengu."

"Mwalimu, hili limekua."

"Nilichomwa na mwiba."

"Mwiba gani unanenepa mwaka mzima? Nenda hospitali. Sishoni kitu mpaka urudi na jibu."

"Unaniadhibu mimi?"

"Ndiyo, Mwalimu. Nilijifunza kwako."

Akaondoka amenuna, lakini akaenda. Walikata kipande kidogo, wakakipima. Ilikuwa saratani ya ngozi, imewahiwa kabla haijasambaa. Wakaliondoa doa lote pamoja na ngozi iliyolizunguka.

Miezi miwili baadaye akarudi anachechemea, uso umenawiri. Wateja waliokuwa kwenye benchi wakajikuta darasani.

"Mwili umejengwa kwa seli. Kila seli ina maagizo: lini igawanyike, lini ikome, lini ife. Maagizo yakiharibika hapa na pale, miaka ikipita, seli moja huwa sikio la kufa. Inazaa tu! Ndipo unatokea uvimbe. Mwingine hutulia mahali pake, huo si saratani. Saratani huvamia jirani, kisha seli zake husafiri na damu, zikaweka kambi kwingine."

"Kwani saratani ni ya aina moja tu?" akauliza Bi Soli.

"Ziko nyingi. Zilizo nyingi zaidi huanzia kwenye ngozi na utando wa viungo: titi, mapafu, utumbo. Nyingine huanzia kwenye mifupa na misuli, nyingine kwenye tezi za limfu. Ya damu mara nyingi haina hata uvimbe. Yangu ilianzia kwenye seli zinazoipa ngozi rangi."

Mteja mmoja, muuza magazeti, akajisogeza mbali na Mwalimu, ukingoni mwa benchi. "Na… inaambukiza?"

"Hata kidogo. Rudi ukae, utatuangushia benchi!"

Wakacheka. Bi Soli akapiga magoti kuuchora mguu upya, maana kisigino kilikuwa kimebadilika umbo. Kabla hajaanza, akaiweka penseli chini.

"Vipi, mwanangu?"

"Niliogopa sana, Mwalimu. Nilidhani nimekukosea adabu, halafu nikadhani nimechelewa."

Mwalimu akamshika bega. "Hata mimi niliogopa. Chora."

Nyuma yao muuza magazeti alikuwa ameshavua viatu na soksi ili naye akaguliwe, na benchi zima likakimbilia mlangoni kutafuta hewa.