Mgeni Asubiri, Mtoto Anyonye

Mwanangu, bado naikumbuka siku ile Aziza wangu alipolala mapajani mwangu tangu asubuhi na nepi yake ikabaki kavu. Ilikuwa mtaani kwetu Rwezamenyo, mwaka wa tisini na moja, naye hajamaliza hata juma moja duniani. Wewe uliyejifungua juzi, unayelalamika kwamba matiti yako ni matupu, kunywa uji wako taratibu nikusimulie.

Desturi yetu waijua: mzazi huhembwa. Watu humletea uji wa mtama, maziwa na khanga, wakaketi naye. Ni desturi njema, wala siikosoi. Lakini mwaka ule, kwa ajili ya vita na vizuizi vya barabarani, wageni walikuja mapema ili wawahi kurudi makwao, na sebule yetu ikajaa tangu asubuhi hadi alasiri. Nilikaa katikati yao nimejitanda vizuri, mtoto akipita mikononi mwa huyu na yule. Akilia, hubembelezwa. Akizidi, hutiwa kijiko cha maji ya sukari. Nami, mke mpya nyumbani kwa mama mkwe, mwenye adabu zake, nilingoja waage ndipo nimnyonyeshe. Walipoaga, alikuwa keshachoka kulia, amelala.

Matiti yakalegea. Mgeni mmoja akanitazama, akaangua kicheko: "Yewe, wewe na ng'ombe wa jirani yangu ni ndugu! Kula mnakula, maziwa hakuna!" Wote wakacheka. Nami nikacheka, kisha nikaenda uani kulia.

Aliyeigusa nepi ile kavu ni Shangazi Mwajuma, shangazi yake mume wangu, mama aliyelea wengi na kuwafundisha dini wanawake wa mtaa. Alimfunika mtoto, akanishika mkono, tukaenda kituo cha afya. Muuguzi akampima, akasema bado ana nguvu za kunyonya, tumshukuru Mungu. Asipewe maji wala maziwa ya ng'ombe. Anyonye kila anapotaka, na akilala mno aamshwe, titi hili na lile, na kesho arudishwe apimwe tena.

Tukiwa njiani, Shangazi akanikemea.

"Mtoto iko na njaa, ninyi munamuimbia! Kisima kinachotekwa ndicho kinachojaa. Titi lisiponyonywa, mwili unafikiri mtoto hayupo."

"Shangazi, nitawafukuzaje watu waliokuja kunihemba?"

"Nani kasema ufukuze? Wakunywe uji. Wewe uko na kazi."

Nikaazimia. Niliingia chumbani, nikavuta pazia, nikamlaza Aziza kifuani, ngozi kwa ngozi. Alinyonya, akasinzia, nikamgusa shavu, akanyonya tena. Mama mkwe alinuna. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji wetu mdogo alikuwa haponi.

Kesho yake, tulipokwisha kurudi kutoka kumpima, akaja Mzee Ramadhani, mkubwa wa ukoo wa mume wangu, na chombo cha maziwa. Mama mkwe akaita kutoka sebuleni, "Mlete mtoto, mzee amuone!"

Hakuna mke wa nyumba ile aliyewahi kumkatalia mzee yule. Lakini Aziza alikuwa amelishika titi barabara, na kwa mara ya kwanza nilimsikia akimeza.

"Shikamoo, mzee," nikasema nyuma ya pazia. "Mjukuu wako ananyonya. Nisamehe, simtoi."

"Astaghfirullah," akanong'ona mama mkwe.

Mzee akakohoa. "Mjukuu yuko kazini? Basi mfanyakazi hasumbuliwi. Haya maziwa mpeni mama yake anywe."

Tangu saa ile mama mkwe ndiye aliyelinda pazia, na hakuna aliyelipita.

Maziwa hayakuja kama mafuriko, mwanangu. Yalikuja haba na haba, chuchu zikiniuma, usingizi ukinisumbua, na mara nyingine nilitamani kile kijiko cha sukari kirudi nipumzike. Sikukirudisha. Mpaka asubuhi moja nilipomwinua Aziza, nepi imelowa mpaka khanga yangu. Nikainua mikono nikamshukuru Mola, nguo zangu zimelowa vilevile.

Basi shika hili. Mnyonyeshe mara kwa mara, usiku na mchana, wala usingoje alie. Mweke kifuani, mpe pande zote mbili. Kula, kunywa, lala anapolala, na wanaokupenda wakufulie nguo badala ya kumbeba mtoto. Akiwa mlegevu au nepi ikikauka, usione haya, mpeleke kwa muuguzi siku hiyohiyo, na akiagiza nyongeza, mpe. Aibu ya wageni hupita. Kunyonya ni haki ya mtoto, nawe ndiye uliyekabidhiwa.

Mola aliyekufungua salama akujaze riziki ya kifua chako, ampe mwanao afya na umri, na akupe ulimi wa kusema "subirini" bila kutetemeka. Amina.