Alisema Kichwa, Mado Akaandika Mawazo

Kwetu Kabambare, ukimsikia mtu anasema "kichwa yangu haiko muzuri," usikimbilie kidonge. Anamaanisha mawazo: mume aliyetoroka, shamba lililoliwa na nguruwe pori, vita iliyopita na ile inayosemwa kwamba iko njiani. Kila mtu anajua hivyo, na Mado alijua kuliko wote. Yeye ndiye mama mushauri wa kituo cha afya. Miaka tisa amekaa kwenye kiti chake cha plastiki akisikiliza vichwa vya watu, na usimchezee: wanawake waliokesha mwaka mzima aliwarudishia usingizi kwa maneno tu.

Basi siku moja Nabintu, mchuuzi wa soko la mji mdogo wa Wamaza, akamleta mume wake, Muhindo, mchimba dhahabu aliyetoka upande wa Butembo.

"Ni kichwa, mama," Muhindo akasema. "Kuko kitu ndani. Inasukuma macho."

Haya! Angesema nini zaidi? Wahenga walisema mficha maradhi kifo humuumbua, lakini huyu hakuficha kitu. Mado akauliza kama alivyozoea kuuliza, akaambiwa kwamba mwaka uliopita ndugu yake Muhindo alifukiwa shimoni kule Lusangi. Jibu akalipata palepale.

"Kile kitu ni ndugu yako," alimwambia kwa upole. "Haujamulilia bado."

Muhindo akalia mpaka kola ya shati ikalowa, na Mado, Mungu amsamehe, akafurahi. Kwenye daftari akaandika: mawazo mengi, msiba.

Wakaendelea hivyo miezi kumi na minne. Nabintu alikuwa akieleza mambo. Ndakala, wale dagaa wakavu, ziliungua jikoni hadi majirani wakaja mbio, na Muhindo amekaa hapohapo kando ya moto, hasikii harufu yoyote. Mtu aliyekuwa akisalimia hata mbuzi sasa anatukana wakwe, anakojoa mbele ya duka la watu mchana kweupe bila haya. Mado alikuwa na jibu la kila kitu. Huzuni inaua hamu. Huzuni inaleta hasira. Ah, hiyo huzuni! Aliibebesha mizigo kama watu wanavyobebesha pikipiki ya Wamaza.

Kisha akaitwa Kasongo kwenye mafunzo ya washauri. Mwalimu wao, daktari Raphaël, alitundika shuka jeupe ukutani, akawaonyesha picha za ubongo zilizopigwa kwa mashine ambayo Mado hajawahi kuiona kwa macho yake.

"Mushauri asiyejua ubongo," alisema, "anaweza kubembeleza uvimbe."

Wenzake wakacheka. Daktari akaonyesha picha ya mama mmoja: nyuma ya paji la uso palikuwa na kitu cheupe, kikubwa kama yai. Huyo mama, alieleza, alianza kwa kupoteza harufu, akawa mgomvi, watu wakamtibu huzuni. Uvimbe ukaendelea kukua polepole, ukibana mishipa ya macho.

Mado hakucheka. Alikumbuka ndakala za Nabintu. Siku hiyohiyo aliomba ruhusa, akapanda pikipiki, siku mbili za matope matupu mpaka Wamaza.

Alimfunga Muhindo kitambaa machoni, akamwekea puani kahawa, halafu kitunguu kilichokatwa.

"Hii ni nini?"

"Si maji?" Muhindo akajibu.

Akamfungua, akamwonyesha vidole. Vya mbele aliviona kwa shida, vya pembeni hakuviona kabisa. Jamani! Kipimo chenyewe kinakwisha kabla chai haijachemka, na miezi yote ile hakukifanya hata mara moja.

Akamtuma hospitali ya Bukavu. Huko walimpiga picha, uvimbe ukaonekana. Wakampasua, wakautoa, na haukuwa saratani. Upole wake ulirudi wote. Macho hayakurudi, mishipa ilikuwa imebanwa muda mrefu mno.

Siku hizi Mado akipokea mtu huanza na pua, hata wenzake wamempa jina Mama Harufu. Anacheka nao. Ukimwambia kwamba mashine iko mbali, kwamba hakuna aliyemfundisha, anakuitikia tu kwa adabu. Anajua kwamba yule mtu alimwambia mwenyewe siku ya kwanza: kuko kitu ndani.

Juzi Muhindo alifika kituoni ameshikwa mkono na Nabintu, wamebeba mchele wa shukrani. Mgongoni kwa Nabintu kulikuwa na mtoto wa miezi mitatu, Esther-Divine, aliyezaliwa baba yake akiwa hospitalini. Mado angeweza kupokea mchele na kunyamaza. Nani angejua?

"Usinishukuru, baba," alisema. "Ulinifikia ukiwa unaona. Wangekupasua mwaka ule, pengine hata leo ungekuwa unaona. Mimi ndiye nilikuchelewesha. Unisamehe."

Nabintu akageuza uso. Mado akatamani Muhindo atukane kama zamani.

"Basi wewe haudanganyi," Muhindo akasema. "Kila mutu ananiambia huyu mutoto anafanana na mimi. Wananihurumia tu. Wewe umuangalie, uniambie kweli."

Mado akampakata mtoto, akamtazama kwa muda mrefu.

"Ni Nabintu mutupu," alisema. "Masikio tu ndiyo yako."

Muhindo akanyoosha mkono, akaanza kuyatafuta.