Sauti ya Shangazi Redioni

Mwaka wangu wa mwisho chuo kikuu, nilikokuwa nasomea sanaa za maonyesho, nilitakiwa kuandika tasnifu kuhusu nyimbo za kazi. Nikarudi kwetu Kibiti, nikapanda lori hadi Nyamisati, na kutoka pale boti ya mashine ikanifikisha Mbwera kwa shangazi yangu, dada wa baba.

Shangazi alilima mpunga. Punje zilikuwa zimeanza kujaa, na kutwa nzima alikaa juu ya dungu, kile kibanda cha miti kinachoinuliwa shambani, akiamia ndege wasile mpunga. Nilipanda naye asubuhi nikiwa na kinasa sauti nilichoazima chuoni. Aliniimbia nyimbo za kupanda na za kutwanga, na mbili tatu za harusi zenye maneno ya mafumbo. Kila alipomaliza alicheka na kuniuliza, "Na hiyo nayo inasomwa chuo?"

Alasiri nilijilaza kwenye mkeka nyuma yake. Alidhani nimelala, akaanza wimbo mwingine. Haukuwa na maneno mengi. Alikuwa anamwita mtu: njoo, maji yanajaa, njoo, chakula kinapoa. Kisha ananyamaza, kama mtu anayetega sikio, halafu anaita tena.

Nilijua anamwita nani. Mwanawe wa pekee alichukuliwa na mamba akiwa na miaka saba, wakati wanavuka kijito kwa mtumbwi. Haikuonekana hata nguo yake. Alisomewa dua, lakini kaburi hana.

Nilinyoosha mkono taratibu, nikabonyeza kitufe.

Alipogeuka akakiona kitaa chekundu cha mashine, hakukasirika. "Huo usiutie humo, mwanangu," alisema. "Huo ni wangu mimi na yeye."

"Nitaufuta, shangazi."

Sikuufuta. Ila kwenye tasnifu sikuutia, nikajiona nimetimiza nusu ya ahadi.

Zilikuwa enzi za ruksa, serikali ilipoanza kulegeza masharti ya biashara. Muda si mrefu redio na televisheni za watu binafsi zikaanza kufunguliwa Dar es Salaam, na sisi tuliokuwa tukichekwa kwamba tumekwenda chuo kikuu kusomea ngoma, tukawa tunatafutwa. Mmoja wetu alisoma habari kwenye televisheni, na mama yake kule kijijini akawa anaalika majirani waje kumtazama. Mwingine akawa mtengenezaji wa matangazo ya sabuni, akanunua gari. Mimi nilichukuliwa na redio moja mpya kuandika na kuongoza michezo ya kuigiza.

Mchezo wangu wa kwanza mkubwa ulimhusu mama aliyepoteza mtoto kwenye mafuriko. Mwigizaji alikuwa mzuri, lakini kila alipolia ilisikika kwamba analia mbele ya maikrofoni. Tulirudia hadi akachoka. Fundi mitambo akaniambia, "Huna kitu cha kweli tukiweke hapa?"

Kesho yake nikaja na kanda.

Tuliipiga studio mara moja. Ilipokwisha, fundi akauliza, "Huyu mama anapokaa kimya pale, anamsikiliza nani?" Nikajifanya sikumsikia. Mkuu wa vipindi akaamua sauti ile iwe ndiyo ya kufungulia mchezo kila wiki.

Mchezo ukapendwa kuliko tulivyotegemea. Nikapewa tuzo, magazeti yakaniandika, na chuo changu kikanialika nikazungumze na wanafunzi kama mfano wa mhitimu aliyefanikiwa. Nilishona gauni jipya kwa ajili ya siku hiyo. Nilizungumza vizuri sana.

Nilipokwenda Kibiti kwa sikukuu ya Idi, niliwakuta wasichana bombani wanajaza ndoo. Mmoja aliimba, "Njoo, maji yanajaa," na mwenzake akaitikia kwa sauti nyembamba ya kitoto, "Nakuja mama." Wakacheka. Nilipita bila kuwasalimu, maana kwenye kanda hakuna anayeitikia.

Siku ya pili nikaenda Mbwera. Shangazi alikuwa amekaa uani, ameupa mgongo ukuta wa jirani mwenye redio.

"Shikamoo, shangazi."

"Marahaba. Karibu."

Alinipakulia wali na samaki, akangoja nile hadi nishibe. Ndipo akasema, "Nimejisikia redioni."

"Nisamehe, shangazi."

"Ngoja nikwambie. Miaka yote hii nikiita, nilikuwa nahisi anageuka. Hanijibu, ila anageuka, anajua ni mimi. Sasa mimi naita huku, na sauti yangu inaita kwa jirani, inaita Nyamisati, inaita Dar es Salaam. Mtoto ana miaka saba. Atajuaje mama yake ni yupi?"

Mimi mwenye shahada na tuzo nikaokota sahani, nikaenda kuziosha.

Niliporudi kazini nilimwomba mkuu wa vipindi aiondoe sauti ile. Akanisikiliza kwa upole. "Watu wanaujua mchezo kwa sauti hiyo," alisema. "Tukiitoa, tumeuua." Ningeweza kuacha kazi. Sikuacha. Sauti iliendelea kusikika mpaka mchezo wenyewe ulipofika mwisho.

Hapo nikaichukua kanda ile ya kwanza, nikampelekea shangazi Mbwera. Aliigeuzageuza mkononi.

"Zipo nyingine?"

"Zipo."

"Ngapi?"

Nikafikiria nakala za studio, na watu waliorekodi wenyewe majumbani kwao. "Sijui, shangazi."

Akanirudishia. "Basi kaa nayo wewe. Siku ukisikia anaitika, uniletee habari."

Hakusema kwa kunisuta. Alikuwa ananiagiza, kama ambavyo angeniagiza khanga au chumvi.

Nilikaa naye shambani siku tatu. Ndege wakitua, alipiga debe kwa fimbo, na mdomo hakuufungua. Hakuimba tena hadi alipofariki, miaka michache baadaye. Mimi nimeendelea na kazi na nimepata sifa nyingine, na wanafunzi bado huniuliza nilianzaje. Huwa nawaeleza habari za mafunzo na bidii. Lakini nikiwa peke yangu studio huipiga kanda ile, na ikifika mahali penye kimya, huwa naisimamisha mashine kabla kimya hakijawa kirefu.