Makofi ya Salamu

Jumapili iliyopita, mgeni kutoka kaskazini alipiga magoti uani kwangu hapa Makomeno, akakunja viganja, akanipigia makofi ya salamu kama walivyofanya bibi zetu. Mimi nikaficha mikono chini ya kitenge. Wajukuu walinitazama vibaya. Acha nikueleze, rafiki yangu, maana nimechoka kuitwa mwenye kiburi.

Wakati wa Wabelgiji, baba alipiga pasi kwa muzungu mmoja aliyefuga sokomutu, sokwe yatima. Baba ndiye aliyemlea kwa chupa ya maziwa, akamfundisha salamu yetu: unapiga makofi, mwenzako anaitika kwa makofi, ndipo mnakaribiana. Kila siku king'ora cha mgodi kikilia saa sita, nilimpelekea baba bukari, ugali wetu, na sombe, mboga ya majani ya muhogo. Sokomutu hakugusa tonge kabla hatujasalimiana. Nilimpenda kuliko kaka zangu, Mungu anisamehe.

Siku moja nilimkuta juu ya mti wa avoka. Alikuwa amemng'ata mtoto wa muzungu mkononi, na muzungu alisimama chini na bunduki, majani yakimzuia kulenga.

"Mwite ashuke," alimwambia baba.

"Bwana, leo hanisikie."

Baba hakujua kudanganya. Alisimama mikono mgongoni, akaninong'oneza kwamba padri wa misheni ameitwa, anakuja na camion, lori la misheni, kumchukua sokomutu. Abaki huko juu tu. Nikasimama na sahani yangu ya moto, nikisali Salamu Maria bila kufika mwisho. Tukaanza kusikia camion mbali barabarani.

Hapo ndipo sokomutu aliponiona. Akatoa uso katikati ya majani, akapiga makofi.

Bibi alitulea kwa neno moja: "Muntu akikusalimia, itika. Mwenye haitike iko mulozi." Yaani mchawi. Hata sikufikiri. Niliweka sahani chini, viganja vyangu vikaitika. Akashuka mbio, akakaa mbele yangu kungoja tonge lake. Bunduki ikalia kabla sijamega.

Njiani kurudi nyumbani baba alisema tu, "Uliitika, mwanangu. Ile haiko kosa." Kesho yake akaenda kupiga pasi mashati yale yale.

Siku hizi watoto wanasalimiana kwa bonjour, na watu wa rika langu wanalia kwamba desturi zimepotea. Waache walie. Yule mgeni simchukii hata kidogo, lakini nikisikia viganja vile bado namwona sokomutu anashuka, ana furaha, anakuja kwangu.