Khanga Juu ya Televisheni

Mwanangu, wewe nakuhesabu rafiki. Jambo hili siwezi kumwambia mtu atakayekwenda kulicheka.

Kuna siku moja haijawahi kunitoka. Nilikuwa darasa la sita, nakaa kwa shangazi hapa Mtendeni. Mtaa mzima televisheni ilikuwa moja, kwa Bi Zuhura, mke wa fundi cherehani. Tulijaa kwenye mkeka, watoto wa Kiislamu na sisi Wamoraviani, wakubwa nyuma yetu, na Bi Zuhura mwenyewe kwenye kiti karibu na kioo, khanga mapajani. Kazi ya ile khanga tuliijua wote. Mwanamume na mwanamke wakianza tu kusogeleana kwenye picha, inarushwa, kioo chote kinafunikwa, tunabaki kusikiliza muziki.

"Bi Zuhura, bado hawajamaliza?"

"Nyamaza wewe, macho makavu!"

Siku hiyo bibi yangu alikuwa amekuja na treni kutoka Igalula, naye akaketi kuangalia. Ikawa filamu ya kupigana. Mtu akaangushwa, akawa anakatwa mapanga huku anaomba. Bibi akasimama.

"Mayu wee, mama yangu! Humu ndani hamna wanaume? Huyo si anakufa!"

Tulicheka mpaka mbavu zikauma. Shangazi akamvuta nguo: "Mama, keti, wanaigiza hao." Baadaye kidogo wapenzi wakakumbatiana, khanga ikaruka. Bibi akamgeukia Bi Zuhura, wala hakuwa na utani.

"Mwenzangu, hawa wanaopendana umewafunika. Yule aliyekuwa anachinjwa mbona ulimwacha wazi, na watoto wanaangalia?"

"Ah, yule si kavaa nguo!"

Tukacheka tena. Bibi akachukua ndala zake akatoka. Hakurudi kwenye nyumba ile mpaka alipopanda treni kwenda kwao.

Siku hizi televisheni iko kila nyumba, na rimoti ndiyo imekuwa khanga yetu. Ikitokea picha ya utupu, baba anakohoa, mama anabadilisha stesheni. Ikitokea ya kuuana, tunaendelea kula. Kwangu pia ni hivyo hivyo, na mimi ni mtu wa sala.

Mwaka huu, Jumamosi moja mchana, nilimtuma chumvi binti yangu Neema, ana miaka kumi na mitatu. Nikasikia kelele za mwizi upande wa dukani. Nikakimbia.

Nilikuta kijana yuko chini. Walisema kaiba simu. Waliompiga walikuwa wameshachoka, naye nguo zake zote zimechanika, yuko uchi. Mama mmoja pembeni yangu akapaza sauti, "Jamani, mfunikeni, kuna watoto hapa!" Khanga zikatoka hapo hapo, zaidi ya moja. Alipofunikwa watu wakashusha pumzi, wengine wakaanza kuondoka, kama vile jambo limekwisha.

Lakini mimi niliiona khanga inapanda, inashuka.

"Bado anapumua! Tumpeleke hospitali!"

Dereva wa bajaji akaniangalia. "Mama, siti zangu mpya hizi. Damu haitoki."

Nikapiga magoti, nikamshika yule kijana mkono, nikaomba. Nilipofumbua macho khanga ilikuwa imetulia.

Neema alikuwa amesimama mbele kabisa, chumvi mkononi. Njiani nilisubiri alie. Hakulia. Akasema, "Mama, upesi hivyo? Kwenye TV huwa wanachukua muda." Kisha akauliza tunakula nini.

Nilipeleka habari hii kwenye kikao cha akina mama kanisani. Walikuwa wanajadili wacheza muziki wanaovaa nusu uchi kwenye televisheni, wanataka wakubwa wa serikali wazuie. Nikasema sawa, wazuie, mimi nawaunga mkono. Lakini na hizi za kuchinjana je? Mwenyekiti akanijibu kwa upole, "Mama Neema, hizo ni za kuigiza tu." Wakaendelea na ajenda.

Mwanangu, sijui kama wakubwa watazuia chochote. Nyumbani nimejaribu kuizima televisheni. Neema anakwenda kuangalia kwa jirani, akirudi ananisalimia vizuri, shikamoo mama, na mimi namwangalia usoni namtafuta bibi yangu simwoni. Naomba kila siku. Sijaona jibu.

Ninalokusihi ni hili. Ukiwa na watoto, funika uchi, ni sawa, aibu ni kitu kizuri. Lakini mtu akiangushwa kwenye hicho kioo, usiendelee kula. Zima, umuulize mtoto wako yule mtu ameumia wapi, na nani anamsubiri nyumbani. Uliza hata kama watakucheka. Usingoje afike umri wa Neema.

Mungu akubariki, akuachie moyo unaoshtuka, usizoee.

Na habari hii usikae nayo peke yako. Msimulie mwenzako mwenye watoto. Akikuuliza yule kijana alikuwa nani, mwambie jina hatukulijua, ila tulipomfunika alikuwa anapumua.